Watoto wetu wa Dar na safari ya shule kwa miguu: tudai tuta, njia na geti salama

Mleta mada:

Wakuu, heshima mbele.

Kila mwaka Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani ikifika tunabandikiwa stika mpya kwenye vioo vya magari, tunasikiliza hotuba, na watoto wa shule wanapangwa mstari kuimba habari za kuangalia kulia, kushoto na kulia tena. Wiki inaisha. Geti la shule linabaki limetazama barabara ileile, haina tuta, haina zebra, haina hata kipande cha njia ya kutembea. Hoja yangu ni moja: mtoto ameshafundishwa vya kutosha, sasa barabara nayo ifundishwe adabu. Naomba msome hadi mwisho kabla ya kuja na "wazazi wenyewe wazembe".

Tuanze na anayetembea. Gari la njano la shule linamchukua mtoto wa shule ya kulipia. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali hapa Dar, iwe Tandika, Mburahati, Vingunguti au Mbagala, anakwenda kwa miguu yake. Tangu elimu bila ada ianze 2016 madarasa yamefurika, na shule nyingine zinasomesha kwa zamu mbili, kwa hiyo barabara zetu zina watoto tangu alfajiri mpaka jua linapozama. Anayewahi namba shuleni anatoka nyumbani giza bado. Mwezi wa saba jua linachomoza saa kumi na mbili na nusu hivi, na mtoto wa kaptula ya bluu na sweta la bluu kwenye barabara isiyo na taa haonekani mpaka gari limfikie.

Mtoto pia ana maumbile yake. Wa darasa la kwanza hawezi kuona juu ya gari aina ya Noah lililoegeshwa pembeni. Ili aone kama kuna gari lazima atokeze mwili, na akishatokeza mwili yuko barabarani tayari. Kukadiria kasi ya kitu kinachomjia ni jambo ambalo akili ya umri huo bado haijaliweza: anaona gari liko mbali, hajui litafika baada ya muda gani. Ukimpigia kelele "kuwa makini" mara elfu, hilo halibadiliki. Linakuja na umri.

Sasa piga hesabu ya upande wa dereva. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaruhusu kilomita 50 kwa saa kwenye maeneo ya makazi. Gari la mwendo huo linakula karibu mita 14 kwa sekunde moja, yaani kabla mguu wa dereva haujagusa breki. Likiwa kwenye 30 linakula mita 8 na kidogo. Hiyo ni sekunde ya kushtuka tu, bado hujahesabu mita za breki zenyewe, ambazo kwenye 50 ni karibu mara tatu ya zile za 30, kwa sababu nguvu ya mwendo hukua kwa kipeo cha pili. Mahali ambapo gari la 30 limeshasimama, la 50 ndiyo kwanza linaanza kupunguza, na mtoto yuko katikati. Ndiyo maana Azimio la Stockholm la Februari 2020 lilitaka 30 iwe kikomo kila mahali ambapo magari na waenda kwa miguu wanachanganyika.

Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani. Siyo malaria, siyo Ukimwi. Sisi tunagawa vyandarua, tunachanja, tunapima, tunashukuru Mungu mtoto amevuka miaka mitano, halafu tunamtuma avuke Barabara ya Mandela penye malori ya bandarini.

Sikuja kulalamika tu. Dawa ipo, na imepimwa hapahapa mjini kwetu.

Kuna asasi inaitwa Amend, inafanya kazi na shule za miji ya Afrika kupitia mpango wa SARSAI. Kazi yao wala haina makuu. Wanatafuta shule ambazo watoto wanagongwa zaidi, wanatembea njia wanazotumia watoto, kisha wanarekebisha eneo la shule: njia ya miguu iliyotenganishwa na magari kwa nguzo, matuta, zebra, vibao, na pale inapowezekana geti linahamishwa kutoka barabara yenye magari kwenda kichochoro cha pembeni. Kisha wanawafundisha watoto kuitumia barabara yao hiyo hiyo, siyo barabara ya kwenye picha.

Wakapima. Hapa Dar walichukua shule 18, tisa zikarekebishwa na tisa zikabaki kama zilivyo kwa ajili ya kulinganisha, wakaenda nyumba kwa nyumba kuuliza familia watoto gani wameumia barabarani, kabla na baada. Matokeo yalichapishwa 2019: majeraha ya watoto yalipungua kwa asilimia 26 ukilinganisha na zile ambazo hazikuguswa. Kasi ya magari kwenye maeneo ya shule zilizorekebishwa ilishuka, kwingine kwa kiasi cha asilimia 60. Mwaka huohuo mpango ukashinda tuzo ya kimataifa ya miji iitwayo WRI Ross, ukiwa umeshindana na mradi wa magari ya kamba ya Medellín, Colombia. Hebu fikirini. Tuta, rangi na nguzo za zege za Dar zimeshinda mbele ya dunia, na hapa mjini bado kuna shule haina hata tuta moja.

Narudia ili isisahaulike: mtoto mmoja kati ya kila wanne ambao wangeumia hakuumia. Na hakuna kilichojengwa ambacho fundi wa mtaani kwetu hawezi kukijenga.

Karibuni.

Mchangiaji (dereva wa daladala, njia ya Gongo la Mboto):

Bosi, hoja yako nzuri ila unazungumza kama mtu asiyeshika usukani. Matuta yamejaa mji huu. Mengine wananchi wameweka wenyewe kwa udongo na mawe, yamesimama kama ukuta, hayana rangi wala kibao. Usiku unakuja nayo ghafla, springi inakatika, abiria wanagonga vichwa juu. Halafu ukiongeza matuta mimi hesabu ya tajiri, ile pesa ya kila siku ya mwenye gari, naileta vipi? Trafiki na tochi yake ya kupima kasi wapo, waachieni kazi.

Mleta mada:

Kaka, kwenye tuta bovu nakuunga mkono kabisa. Tuta lisilo na rangi ni mtego, na anayeumia wa kwanza ni bodaboda. Tuta la haki lina kibao kabla yake, lina rangi, na lina mgongo mpana ambao ukipita kwa 30 hausikii kitu. Ukipita kwa 60 ndiyo unasikia. Bora zaidi ni zebra iliyojengwa juu ya tuta lenyewe, gari linapanda, mtoto anavuka juu, dereva anamwona. Rasta, vile vituta vidogo vya mfululizo, pekee hazitoshi. Daladala zinazipita kwa kasi ileile na abiria wanatetemeka tu.

Ila tuta la mawe nalo linazungumza. Wananchi hawabebi mawe asubuhi kwa kupenda. Wengi wetu tunajua mtoto akigongwa nini hufuata: vijana wanafunga barabara, mawe na matairi yanawekwa, viongozi wanafika, na wiki haiishi tuta linajengwa. Mwaka 2015 pale Bunju ilifika mahali kituo cha polisi kikachomwa moto baada ya mwanafunzi kugongwa, na watu wakaishia mahakamani na gerezani. Mimi sitetei kuchoma chochote. Nauliza kwa nini tuta lipatikane baada ya msiba wakati barua ingeweza kulileta kabla.

Kuhusu hesabu ya tajiri: eneo la shule ni mita mia mbili au tatu. Kuzipita kwa 30 badala ya 50 kunakugharimu sekunde kumi na kitu. Foleni ya Tazara inakula zaidi ya hapo kabla hujazima redio. Na tochi haiwezi kukaa mbele ya kila shule kila asubuhi. Trafiki akiondoka, kasi inarudi. Tuta haliendi likizo.

Mchangiaji (mama, Kigogo):

Kaka mleta mada, Mungu akubariki. Naomba niongeze mawili ambayo wanaume hamyaoni.

La kwanza, makonda. Wengine tuna watoto wa sekondari ambao shule iko mbali, walipaswa kupanda daladala, lakini konda akiona sare tu anazuia mlango, "wanafunzi wawili tu", kwa sababu nauli yao ni ndogo. Basi mtoto anasimama kituoni mpaka anakata tamaa, anaanza kutembea pembeni ya barabara kubwa, tena kwa haraka kwa sababu keshachelewa na kuna fimbo. Mtoto mwenye haraka ndiye anayegongwa.

La pili, mitaro. Huku kwetu njia ya miguu ndiyo mfuniko wa mtaro, na mifuniko imevunjika au imeibwa. Mvua za masika zikinyesha huoni shimo liko wapi, maji yamejaa. Mtoto afanye nini? Anapanda kwenye lami. Palipo pazima kuna meza ya chipsi, pasipo na meza kuna bajaji zimeegeshwa. Njia ya miguu ipo kwenye ramani tu.

Mleta mada:

Mama, hili la mtaro nilipaswa kuliweka juu kabisa. Mfuniko wa mtaro ni usalama barabarani sawasawa na zebra, ila kwa kuwa uko kwenye kifungu cha bajeti cha maji ya mvua hakuna anayeuhesabu hivyo. Na la konda LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, wanalo: mwanafunzi aliyelipa nauli yake ana haki ya kusafiri kama abiria mwingine. Tatizo ni kwamba mtoto hawezi kulalamika kwa niaba yake mwenyewe. Mzazi uliyepo kituoni, soma namba ya gari, piga simu.

Kuhusu meza za chipsi, mwaka 2021 machinga walipoondolewa barabarani njia nyingi za miguu zilionekana kwa mara ya kwanza baada ya miaka. Wengi wamerudi, nao wana watoto wa kulisha, siwezi kuwaombea njaa. Lakini mita hamsini kila upande wa geti la shule ziachwe wazi. Mwenyekiti wa mtaa akiamua na wafanyabiashara wenyewe wakakubaliana, hilo halihitaji bajeti wala mgambo. Hao machinga ndio wazazi wa watoto haohao.

Mchangiaji:

Mkuu, mbona madaraja ya juu yapo? Watu wetu wagumu. Manzese daraja limesimama miaka nenda rudi na watu wanapita chini.

Mleta mada:

Mkuu, jiulize kwa nini wanapita chini. Daraja linamtaka mtu apande ngazi, atembee angani, ashuke ngazi, wakati anakokwenda anakuona kwa macho ng'ambo ya barabara. Mtoto mwenye begi zito na njaa ya mchana hatapanda. Mwenye ulemavu hawezi kabisa. Sehemu kama Kimara hadi Kibaha, penye njia nane, daraja ni lazima, hakuna namna nyingine ya kumvusha mtoto pale. Lakini barabara ya njia mbili ya mtaani kumjengea mtoto daraja ni kumwondoa yeye ili gari lipite bila kuguswa. Apunguze mwenye injini.

Na pale Barabara ya Morogoro, tangu mabasi ya mwendokasi yaanze 2016 kwenye njia yao ya katikati, kuna jambo ambalo wazazi wa Magomeni na Manzese wanalijua. Mtoto anavuka magari ya kawaida, anafika kwenye njia ya mabasi, anaona peupe, anakimbia. Basi la mwendokasi linakuja kwa ukimya na kasi, na nyuma yake bodaboda aliyejiingiza kwenye njia isiyo yake, pengine kwa upande usiotarajiwa. Mtoto afundishwe kwamba pale anavuka barabara tatu, na kila moja asimame upya. Taa za kuvukia zipo kwenye vituo. Apite hapo hata kama ni mbali kidogo, na mzazi amwonyeshe mwenyewe, siyo kwa maneno.

Mchangiaji (mwalimu, Temeke):

Nashukuru kwa uzi huu. Nasema kama mwalimu wa zamu ninayesimama getini. Shule nyingine tuna wanafunzi wa doria, wale wenye vibao vya kusimamisha magari, na kwa kweli madereva wengi wanawaheshimu kuliko wanavyomheshimu mwalimu. Lakini kuna pengo hamjalitaja. Darasa la kwanza na la pili wanatoka mapema, wakubwa bado wako darasani, na doria wako darasani pia. Kwa hiyo saa ambayo wadogo kabisa wanavuka ndiyo saa ambayo hakuna wa kuwavusha. Mwalimu naye ana kipindi, darasa lina watoto zaidi ya mia.

Pia lami. Barabara yetu ilikuwa ya vumbi na mashimo, magari yalipita kwa kunyata. Ikaja lami ya mradi, tukashangilia, na ni haki kushangilia, vumbi lilikuwa linatumaliza vifua. Lakini kasi ilikuja na lami siku hiyohiyo.

Mleta mada:

Mwalimu, umemaliza. Hilo la wadogo kutoka bila doria sijaliona likiandikwa popote, na nadhani lina suluhisho bila kusubiri serikali. Kamati ya shule inaweza kupanga wazazi wa mtaa, hasa bibi na babu walio nyumbani mchana, au mama ntilie aliye jirani na geti, wawili wawili kwa siku, na kibao kimoja na kizibao kinachong'aa. Fundi yeyote wa vibao anakitengeneza. Watoto wanaokwenda upande mmoja watoke kwa kundi, wa Mtoni pamoja, wa Tandika pamoja. Kundi la watoto ishirini dereva analiona. Mmoja hamwoni.

Na la lami ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu ni rahisi kuliko yote. Barabara inapojengwa upya, mkandarasi yuko hapo, mashine iko hapo, lami ya moto iko hapo. Kuongeza tuta na zebra mbele ya shule wakati huo ni gharama ndogo sana. Kurudi baada ya miaka mitatu ni mradi mpya na mchakato mpya. Barabara nyingi za ndani zilizojengwa kupitia DMDP, mradi wa kuendeleza jiji la Dar kwa mkopo wa Benki ya Dunia, zilikuja na njia za miguu na taa, kwa hiyo tunajua inawezekana. Basi popote mnapoona vigingi vya wapimaji mtaani kwenu sasa hivi, nendeni siku hiyo mkaulize: mbele ya shule kuna nini kwenye mchoro?

Mchangiaji:

Sawa mkuu, tumekuelewa. Sasa barua inakwenda kwa nani? Maana ukienda TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, wanakwambia TANROADS, wakala wa barabara kuu, ukienda TANROADS wanakwambia manispaa.

Mleta mada:

Hapa ndipo wengi wanapokwama, na ndipo barua hufia.

Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS: Morogoro, Bagamoyo, Kilwa, Nyerere, Mandela, Sam Nujoma. Barua yake inakwenda kwa Meneja wa TANROADS wa Mkoa. Barabara za ndani ya mitaa, tangu 2017, ni za TARURA, na barua inakwenda kwa meneja wake wa wilaya. Kama geti lako liko kwenye kona ya barabara mbili, andika mbili. Usiandike moja ukawaachia wao wagawane.

Barua ya mzazi mmoja ni nyepesi. Ianzie kamati ya shule, isainiwe na mwalimu mkuu na mwenyekiti wa mtaa, ipite kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata ili iingie kwenye muhtasari. Kitu kikishaingia kwenye muhtasari wa kata, diwani hawezi kukikwepa kirahisi. Nakala iende Kikosi cha Usalama Barabarani, maana wao ndio wenye kumbukumbu za ajali za hapo.

Na kabla ya kuandika, tembeeni. Wazazi watatu au wanne, saa ileile watoto wanayokwenda, njia ileile, mkiwaacha watoto wawaongoze. Mtashangaa: wanavuka mahali ambapo mtu mzima hawezi kuvuka, kwa sababu kuna mwembe, au kuna duka la ubuyu, au kuna mbwa upande wa pili. Zebra iwekwe hapo wanapovuka, siyo hapo mhandisi anapoona pamenyooka. Chukueni picha. Hesabuni watoto kwa nusu saa, hesabuni magari kwa nusu saa, andikeni. Angalieni na ukuta wa nyuma wa shule: kama kuna kichochoro, ombeni ruhusa ya kufungua geti dogo upande huo na lile kubwa libaki la magari. Fundi, matofali na mlango wa chuma. Wazazi wakichangishana linafunguliwa kabla TARURA hawajajibu.

Ndani ya barua msiandike "tunaomba usalama". Hakuna mhandisi anayejua kujenga "usalama". Andikeni: tunaomba tuta lenye zebra juu yake mbele ya geti, vibao viwili vya shule kila upande, nguzo za kuzuia pikipiki kupanda njia ya miguu kuanzia geti hadi kona ya msikiti, na mifuniko ya mtaro iliyokosekana, idadi yake hii. Kila kitu na mahali pake. Ambatanisheni picha na hesabu.

Pelekeni nakala mbili na hakikisheni ya kwenu inagongwa mhuri wa mapokezi wenye tarehe, kwa sababu mwezi ukipita bila jibu, mhuri huo ndio mnaokwenda nao kwa mkuu wa wilaya siku ya kusikiliza kero za wananchi. Kamati yoyote inayotaka kiolezo cha barua, aseme hapa chini shule yake iko kwenye barabara gani, nitakiweka kulingana na barabara.